Ghanima kwa Njia ya Sheria

Zamani za kale ghanima ya vita ilitwaliwa mchana mbele ya macho ya watu, na aliyenyang'anywa alimjua mnyang'anyi wake. Lakini katika vita vya Wazungu vilivyoingia Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914, vikakoma Novemba 1918 Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliposalimu amri huko Abercorn, ghanima iligawanywa kwa sheria, hati na mihuri, hata ikawa taabu kumwonyesha aliyeipata.

Kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na reli hazikufika kila palipokuwa na majeshi, unga na risasi vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1915 serikali ya Kiingereza huko Nairobi ilitoa sheria ya kuwatwaa watu kwa kazi hiyo, wapende wasipende, na ujira wao ukawekwa rupia 5 kwa mwezi, chini ya ule waliopewa wapagazi wa kwanza. Katika mwaka uo huo, sheria nyingine iliwarefushia walowezi miliki ya mashamba kutoka miaka 99 hadi miaka 999.

Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walifariki, zaidi kwa maradhi ya kuhara na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Ujira wa wengi wao haukudaiwa, maana warithi hawakujulikana au hawakupata habari. Na baadhi ya maofisa wa Nairobi waliposhauri kwamba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, Hazina ya London haikuridhia. Hivyo mirathi ya maskini ikabaki mkononi mwa tajiri aliyewaajiri.

Amani ilipokuja, ukaja na mpango wa kuwapa ardhi askari waliorudi vitani. Mwaka 1919, katika jumba la Theatre Royal mjini Nairobi, watu walipiga kura ya bahati kugawana mashamba ambayo jumla yake ilizidi eka milioni mbili, na sehemu yake ilikatwa katika nchi ya Wanandi. Lakini bahati hiyo walipewa askari wa Kizungu tu, wala si Mwafrika aliyepigana wala si mpagazi aliyewabebea chakula.

Upande wa Tanganyika, mashamba ya mkonge na kahawa ya Wajerumani yalitwaliwa kuwa mali ya adui, yakanadiwa, na Wagiriki na Wahindi waliokuwa na fedha taslimu wakawa miongoni mwa wanunuzi. Mkulima aliyeuza nafaka yake wakati wa vita, akalipwa noti za karatasi za Kijerumani, alibaki na karatasi zisizonunua kitu.

Kisha nchi ikataka kujengwa upya. Huko Kenya kodi ya nyumba ilipandishwa, kipande, yaani hati ya utambulisho, kikalazimishwa, na mwaka 1921 walowezi wakakata mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Manung'uniko juu ya mambo hayo ndiyo yaliyomwinua Harry Thuku, kiongozi wa siasa wa Waafrika, akakamatwa Machi 1922. Basi aliyebeba mzigo wa vita alitozwa na gharama ya amani, na yote hayo yalikuwa halali katika vitabu vya serikali, kwa kuwa waliotunga sheria walikuwa wa kabila moja na maslahi mamoja na waliofaidika nazo.