Zile ^H kwenye kurasa za man zilitoka wapi?

Hifadhi ukurasa wa man kwenye faili katika mashine ya BSD, kisha uifungue. Neno NAME utalikuta hivi: N^HNA^HAM^HME^HE. Ukilitafuta kwa grep hulipati! Si virusi. Mimi naziita alama za taipureta.

Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitoka Bell Labs, Marekani, tarehe 3 Novemba 1971, ukiwa umepangwa kwa programu ya roff. Siku hizo terminali ilikuwa mashine ya kuchapa kwenye karatasi. Ili herufi ikoze, mashine iliipiga, ikarudi nyuma, ikaipiga tena palepale. ^H ndiyo amri ya kurudi nyuma. Kupigia mstari ilikuwa vivyo hivyo: kistari kwanza, kurudi, halafu herufi.

Karatasi ilibeba wino mara mbili. Skrini haiwezi, herufi ya pili hufuta ya kwanza. Ndiyo maana less huzisoma ^H na kuonyesha herufi nzito. Faili tupu haina msaidizi huyo.

Dawa ni hii:

man ls | col -b > ls.txt

Katika kila nafasi, col -b hubakisha herufi ya mwisho tu. Kwa kuwa kistari hutangulia, herufi ndiyo inayopona. Kwenye Linux nyingi man hujisafishia yenyewe.

Ukipenda sed, futa ^H pamoja na herufi iliyoitangulia. Ukifuta ^H peke yake, utabaki na NNAAMMEE.