Ripoti Iliyongoja Miaka 46

Oktoba 27, 1971, Ahmed Timol, mwalimu wa Roodepoort aliyekuwa mikononi mwa polisi wa usalama wa Afrika Kusini, alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya kituo cha John Vorster Square, Johannesburg, akafa. Polisi walisema alijirusha, na mwaka 1972 hakimu aliyechunguza kifo hicho akawaunga mkono: amejiua, hakuna wa kulaumiwa. Ndugu zake hawakukata tamaa. Shauri lilipofunguliwa upya mwaka 2017, madaktari Steve Naidoo na Shakeera Holland waliipitia ripoti ileile ya uchunguzi wa maiti, wakaona majeraha ya fuvu, taya na kifundo cha mguu yasiyolingana na anguko lile. Askari aliyekuwa naye chumbani alidai Timol alikimbilia dirishani. Mwenye kifundo kilichoumia namna ile hakimbii. Jaji Billy Mothle akaamua kuwa Timol alisukumwa, yaani aliuawa.

Ndiyo maana naona sheria iko sahihi isipongoja ridhaa ya ndugu ili maiti ichunguzwe pale mtu anapofia kizuizini, anapouawa, au anapokufa ghafla bila sababu kujulikana. Ridhaa ina mahali pake: hospitalini, ugonjwa ukiwa unajulikana na madaktari wakitaka kujifunza zaidi, ndugu wakikataa, basi. Uingereza iliona aibu ya kupuuza hilo katika hospitali ya Alder Hey, Liverpool, viungo vya watoto vilipohifadhiwa bila wazazi kujua, ikatunga sheria mpya mwaka 2004. Lakini kwa kifo cha mahabusu, ridhaa ikiwa sharti, mzazi mnyonge ndiye atakayebanwa na polisi asaini kukataa.

Wapo watakaosema Timol alikuwa Mwislamu, na Uislamu huhimiza maiti azikwe haraka, asikatwekatwe. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ni kazi ifanyike upesi, isizidi kinachohitajika, viungo vyote virudishwe, na daktari wa familia awepo. Hoja inayonisumbua zaidi ni kwamba mahakama ya 1972 nayo ilikuwa na ripoti hiyohiyo, isisaidie kitu. Ni kweli. Hakimu alishindwa, lakini majeraha yalikwisha kuandikwa, na maandishi yakawazidi umri wengi waliotaka yasahaulike. Askari yule aliyekuwa na Timol chumbani, João Rodrigues, alishtakiwa kwa mauaji mwaka 2018. Alifariki mwaka 2021, kesi ikiwa haijasikilizwa.