Unataka Kusoma Majuu Ukiwa Kwale? Piga Hizi Hesabu Kabla Shamba Halijauzwa

Barua imeingia kwa simu: chuo fulani majuu kimekukubali. Mathe analia kwa furaha, majirani wa Ukunda washasikia, na kufikia jioni mjomba mmoja ameanza kutaja ile ploti ya Kinondo na bei inayoweza kupatikana. Hapo ndipo wasee wengi huteleza. Barua ya kukubaliwa inasema tu umepata nafasi darasani. Haisemi nani atalipa. Familia ikishauza shamba la minazi halafu ubalozi ukatae visa, shamba halirudi.

Kwa hivyo kabla mtu hajaita broka, shika kalamu. Kuna hesabu tatu za kupiga: pesa ya kuonyesha ubalozi, pesa ya kutoka nyumbani, na pesa ya mwaka wa pili. Ukishazijua ndio uanze kusaka mfadhili, juu sasa utajua unaomba ngapi.

Hesabu ya kwanza: pesa ya kuonyesha

Nchi nyingi hazitaki ahadi, zinataka kuona doh. Viwango vya hapa chini ni vya kufikia mwisho wa 2025. Kugeuza tumetumia Ksh 150 kwa euro, 170 kwa pauni, 93 kwa dola ya Kanada na 130 kwa dola ya Marekani. Angalia bei ya siku yako, na uangalie tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote.

- Ujerumani: Unaweka euro 11,904 kwa akaunti maalum inayoitwa Sperrkonto. Hiyo ni kama Ksh 1,785,000. Pesa inabaki yako, lakini ukifika unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Pia, digrii nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani, na wenye KCSE mara nyingi huanza na mwaka wa maandalizi unaoitwa Studienkolleg. Kile Kijerumani cha kuongea na watalii ufuoni hakitoshi. Weka karo ya lugha kwa bajeti.
- Uingereza: Nje ya London unaonyesha pauni 1,171 kwa kila mwezi, hadi miezi 9. Jumla ni pauni 10,539, kama Ksh 1,790,000. London ni pauni 1,529 kwa mwezi. Juu ya hiyo unaonyesha karo ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa. Pesa lazima ikae kwa akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Ile form ya kukopa Jumatatu, kuchapisha taarifa ya benki Jumanne na kurudisha Jumatano haifanyi kazi.
- Kanada: Dola 22,895 za Kanada za kuishi, ukienda peke yako nje ya Quebec. Ni kama Ksh 2,129,000. Karo ya mwaka wa kwanza na nauli ni kando.
- Marekani: Hakuna kiwango kimoja. Chuo kinakuandikia fomu ya I-20 yenye gharama ya mwaka mzima, na unaonyesha pesa au ufadhili unaofikia hiyo gharama.

Ukiona hizi namba utaelewa kwa nini basari ya Ksh 20,000, hata ikija na baraka zote, haiwezi kukutoa. Kwa safari ya majuu unahitaji ufadhili kamili, au karibu kamili.

Hesabu ya pili: pesa ya kutoka nyumbani

Hii ndiyo watu husahau, na hairudishwi hata visa ikikataliwa.

Pasipoti ya kurasa 34 ni Ksh 7,500 kupitia eCitizen. Visa ya masomo ya Ujerumani ni euro 75, kama Ksh 11,250. Ubalozi uko Nairobi, kwa hivyo toa Ukunda, vuka Likoni, shika SGR pale Miritini. Kiti cha daraja la kawaida ni Ksh 1,500, kwenda na kurudi ngiri tatu. Ukienda mara mbili ni ngiri sita. Hadi hapo umetumia Ksh 24,750, na hujalala, hujakula, hujalipia mtihani wa lugha wala tiketi ya ndege.

Uingereza ni noma zaidi. Visa ni pauni 524, kama Ksh 89,000. Kisha kuna ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka, na unalipa ya miaka yote kwa pamoja kabla ya kusafiri. Digrii ya miaka 3 inakula karibu laki nne kwa ada ya afya peke yake. Marekani ni dola 185 za visa na dola 350 za SEVIS, jumla kama Ksh 69,500. Kanada ni dola 150 za kibali na 85 za alama za vidole, pesa yao.

Kitu kingine kinachochelewesha watu wa Pwani ni majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanasiti, cheti cha KCSE kinasema Mwanasitti na kitambulisho kina jina la babu lililoachwa kwingine, rekebisha mapema. Ukitumia akaunti ya mzazi kwa visa ya Uingereza, cheti cha kuzaliwa ndicho kinathibitisha huyo ni mzazi wako.

Hesabu ya tatu: mwaka wa pili

Wasee wengi hukusanya pesa ya mwaka mmoja na kusema iliyobaki itapatikana kwa kazi hukohuko. Sheria zina mipaka. Wakati wa masomo, Uingereza inaruhusu wanafunzi wa digrii saa 20 kwa wiki, Kanada saa 24 nje ya chuo, na Ujerumani siku nzima 140 kwa mwaka. Marekani unaanza na kazi za ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki.

Kazi hiyo inaweza kulipia chakula na sehemu ya kodi. Usiitegemee kulipa karo. Ukikosa karo unatolewa darasani, na ukitolewa darasani visa nayo inaanza kuyumba. Kwa hivyo muulize kila mfadhili swali moja: unalipa mwaka mmoja au hadi nimalize?

Pesa iko wapi basi?

Ukitoka Form Four au ukiwa bado hujapata digrii ya kwanza, anza na hizi:

- Türkiye Bursları: Serikali ya Uturuki inalipa karo, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi, tiketi na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21 na alama kuanzia asilimia 70. Kozi za udaktari ni 90. Dirisha huwa Januari 10 hadi Februari 20, na kuaplai ni bure.
- Stipendium Hungaricum: Hungary inalipa karo na inasaidia malazi. Posho ya digrii ya kwanza ni forinti 43,700 kwa mwezi, kama Ksh 17,000, na tiketi ni juu yako. Hapa harambee ndogo ina maana. Dirisha hufungwa katikati ya Januari.
- Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina: Watu wa Pwani wanakijua vizuri. Kilianzishwa 1961, na wanafunzi wa kigeni wanaokubaliwa hupata masomo, malazi, posho na tiketi. Umri usizidi miaka 25.
- Zawadi Africa na KenSAP: Zawadi Africa inasaidia wasichana wenye alama nzuri na familia zisizo na uwezo. KenSAP inawaandaa waliofanya vizuri sana KCSE kuaplai vyuo vya Marekani vinavyotoa msaada kulingana na hali ya familia.
- Mastercard Foundation: Inapitia vyuo washirika, kwa hivyo unaaplai kupitia chuo chenyewe. Baadhi viko majuu, vingine viko Afrika.

Kwa masta mlango ni mpana zaidi. Chevening inalipa mwaka mzima Uingereza, lakini uwe na saa 2,800 za kazi, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka 2. Kuna Commonwealth, na kuna DAAD ya Ujerumani, ambayo ina ofisi Nairobi.

Msaada wa hapa Kwale

Kaunti ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa wakati wa Gavana Salim Mvurya, na umesomesha watoto wengi wa Kwale. Pia kuna basari za NG-CDF katika maeneo bunge yote manne: Msambweni, Matuga, Lunga Lunga na Kinango. Lakini usiandike pesa hiyo kwa bajeti ya majuu hadi upate jibu la maandishi. Nenda ofisi ya elimu uulize kama chuo cha nje kinakubalika.

Base Titanium nayo ilikuwa ikitoa ufadhili kwa vijana wa huku, lakini uchimbaji ulifungwa mwisho wa Desemba 2024. Ukisikia mtu anauza fomu za ufadhili wa migodi, shtuka.

HELB haikupeleki Berlin wala Toronto. Mkopo wake wa digrii ya kwanza unahusu vyuo vya Kenya na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo kama ndoto yako ni kutoka nje tu, Dar es Salaam au Makerere pia ni nje, na hesabu yake inashikika.

Mfadhili wa ufuoni

Tuongee ukweli. Diani kuna familia ambazo mtoto wao alilipiwa shule na mtalii Mjerumani au Mswisi aliyekuwa mgeni wa miaka mingi. Kama wewe una mtu kama huyo, usimwombe atume euro 11,904. Mweleze kuhusu Verpflichtungserklärung. Ni hati anayotia sahihi kwa ofisi ya wageni ya mji wake, akiahidi serikali kwamba atagharamia maisha yako. Ubalozi wa Ujerumani unaweza kuikubali badala ya Sperrkonto. Ofisi itakagua mshahara wake kwanza, na akisaini anawajibika kisheria, kwa hivyo ni ombi zito. Mzazi au mlezi wako awe kwenye hayo mazungumzo.

Na mtu anayesema atakulipia chuo, ila kwanza mkutane hotelini peke yenu, huyo si mfadhili. Zima simu, mwambie mtu mzima unayemwamini.

Harambee, lakini kwa mpango

Kuchangiana kwenda kusoma si jambo geni. 1959 Tom Mboya alipopanga ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda Marekani, tiketi zao zilitoka kwa michango, si mfukoni mwa wazazi.

Harambee inafaa kwa kitu chenye bei inayojulikana: tiketi, visa, mwezi wa kwanza. Andika karatasi moja yenye namba zote na uipitishe kwa familia, msikiti au kanisa, chama cha mathe, na waliosoma shule yako. M-Changa inakusaidia kukusanya kwa simu na kila mtu akaona jumla. Weka mweka hazina ambaye si wewe. Na useme mapema pesa itaenda wapi kama visa itakataliwa.

Jinsi ya kutambua mtego

2021 kaunti ya Uasin Gishu ilianza mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Wazazi walilipa kupitia akaunti ya mpango huo, wengine baada ya kuuza mali. Kufikia 2023 kuna waliokuwa hawajasafiri, vyuo vya Finland vilikuwa vinadai karo, wazazi wakaandamana Eldoret na mambo yakafika kortini. Kama mpango wenye jina la kaunti unaweza kukwama hivyo, ajenti wa WhatsApp je?

Kanuni ni hizi:

- Lipa karo moja kwa moja kwa chuo, kwa akaunti iliyo kwenye tovuti ya chuo.
- Ufadhili wa kweli haukuombi ada ya kufungua faili.
- Hakikisha kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwamba chuo hicho kinatambuliwa.
- Usimwachie ajenti pasipoti wala nywila ya barua pepe yako.

Ratiba ya kujipanga

Miezi 18 kabla: pasipoti, majina, kuanza lugha. Miezi 12 kabla: orodha ya ufadhili tano, barua za walimu, insha ya kujieleza. Novemba hadi Februari: aplai, juu madirisha mengi yako hapo. Aprili hadi Juni: majibu, na hesabu tatu zipigwe upya. Baada ya hapo ndio harambee na visa.

Ufadhili ukikataa mwaka huu, hujamaliza. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina kampasi Kwale, na Pwani University iko Kilifi. Soma hapa kwa HELB na basari, pata alama safi na kazi ya miaka 2, kisha aplai masta yenye kulipiwa kila kitu. Utapanda ndege ukiwa na miaka 25 badala ya 19, na ukipiga simu nyumbani utapata shamba bado lina minazi na mzee bado ana hati yake.