Mitaa ya Dar es Salaam na Aina za Wageni Wake

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawakutuambia mgeni huyo alazwe chumba gani. Katika nyumba ndogo swali hilo halina uzito, kwa kuwa chumba cha wageni ni kimoja. Katika jiji kubwa kama Dar es Salaam, ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wake, swali hilo ni zito. Mwambie mgeni ashukie Masaki, atarudi kwao akisimulia upepo wa bahari. Mwambie ashukie Manzese, atarudi akisimulia msongamano wa watu. Kila mmoja atasema kweli, na kila mmoja atakuwa ameona kipande tu.

Katika maisha yangu ya ualimu niliulizwa swali hili mara nyingi. Wazazi waliokuwa wakienda kutibiwa, vijana waliokuwa wakienda kusoma, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakifuata bidhaa, wote walipita ofisini kwangu kuuliza: "Mwalimu, nikifika Dar es Salaam nikae wapi?" Nilitambua kwamba huwezi kulijibu vizuri bila kujua historia. Mitaa ya mji ule haikuota kama uyoga. Ilipangwa, na waliopanga walikuwa na sababu zao.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifahamu. Jengo moja kati ya yale ya kale kabisa yaliyosimama hadi leo katika jiji lile ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wageni. Ni Boma la Kale, lililo karibu na bandari, ambalo lilijengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuwa ameamua kujenga mji mpya kando ya bandari ile tulivu, jirani na kijiji cha Mzizima. Jumba lake mwenyewe limetoweka, ila nyumba ya kulaza wageni wake imebaki. Majid alifariki mwaka 1870 na ndugu yake Barghash hakuujali mji ule. Walipokuja Wajerumani mwaka 1887 waliukuta umedorora. Mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo.

Basi mgeni wa kwanza ninayemfikiria ni yule anayependa mambo ya kale. Huyu namshauri akae katikati ya mji, karibu na Kivukoni, maana atakayoyatafuta yako ndani ya mwendo wa miguu. Aanze alfajiri soko la samaki la Feri, asikie mnada kabla jua halijapanda. Kisha afuate ufuko. Ataliona Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambayo yote mawili yalikamilika mwaka 1902. Akiendelea atafika Makumbusho ya Taifa, ambayo yalifunguliwa mwaka 1940, na hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Asisahau Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Pale alipo askari huyo Mwafrika na bunduki yake, hapo awali palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann.

Mgeni wa pili ni mfanyabiashara, na kwake jibu ni Kariakoo. Jina lenyewe ni somo. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo lile lilitumiwa kuwa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita. Wapagazi hao walibeba mizinga, risasi na vyakula vya majeshi mawili ambayo hayakuwa yao, na wengi zaidi walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Ulimi wa Kiswahili ukaligeuza neno la Kiingereza, likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa asili hiyo hiyo. Leo wachuuzi kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro wanapishana katika mitaa ya Kongo, Msimbazi na Sikukuu wakifunga marobota, na ni wachache mno wanaojua kwamba mahali wanapofungia mizigo yao paliitwa kwa jina la watu waliokufa wakibeba mizigo ya wengine.

Soko lenyewe, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa katika miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, na likajengwa upya. Mfanyabiashara akipata chumba hapa hahitaji nauli. Akitoka mlangoni yuko dukani. Lakini atembee kwa uangalifu, ashike fedha zake vizuri, na asitegemee kulala mapema.

Sasa, kutoka Kivukoni hadi Kariakoo ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Namsihi kila mgeni, wa aina yoyote, autembee mwendo huo walau mara moja. Ndani yake imo historia nzima ya mji.

Wakoloni, kuanzia Wajerumani na baadaye Waingereza, waliugawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, kando ya bahari, zenye bustani na miti. Kanda ya pili ilikuwa ya maduka na makazi yaliyobanana, ambako Wahindi walikuwa wengi. Kanda ya tatu, Kariakoo na baadaye Ilala, ilikuwa ya nyumba za Waafrika. Katika maandishi, sheria zilizungumzia zaidi aina ya nyumba kuliko rangi ya mtu. Lakini mwenye kipato cha kupagaza au kupakua meli angejengaje nyumba ya Kizungu? Hivyo kipimo cha nyumba kikawa kipimo cha ngozi. Watu hawakudanganyika. Wakaziita kanda hizo kwa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mpana, Mnazi Mmoja. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu pale katika ziara ya mafunzo, na mmoja wao akaniuliza kama uwanja ule uliachwa wazi kwa ajili ya michezo. Nikamwambia hapana. Uliachwa ili kutenganisha watu. Michezo na mikutano tuliileta sisi wenyewe baadaye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, ukuta unaweza kujengwa bila matofali." Sijapata kusikia maelezo mafupi na bora kuliko hayo.

Marehemu baba yangu aliujua ukuta huo. Alikuwa mchukuzi bandarini wakati wa mgomo mkubwa wa mwaka 1947, akipanga chumba kimoja Kariakoo pamoja na wenzake watatu. Alikuwa akituambia kwamba kwa miaka yote aliyokaa Dar es Salaam alikwenda Uzunguni mara nyingi, lakini hakuwahi kwenda kutembea. Alikwenda kufanya kazi tu. Kwake mji ulikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na yeye alijua wa nyuma.

Hata hivyo, ni katika kanda ile ya tatu ambamo nchi ilizaliwa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU iliundwa Kariakoo, katika mtaa ambao sasa ni wa Lumumba. Mwalimu Nyerere, alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955, alihamia mjini, na nyumba yake ya Magomeni sasa ni makumbusho. Chuo Kikuu nacho kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU pale Lumumba, kabla ya kuhamia mlimani mwaka 1964. Kwa hiyo mgeni wa tatu, yaani mwanafunzi au mtafiti, nikimwelekeza akae Sinza, Mwenge au Ubungo, jirani na Mlimani, humwambia pia aende akaone chuo chake kilikozaliwa. Akiwa upande huo azuru Kijiji cha Makumbusho na wachonga vinyago wa Mwenge. Sinza na Kijitonyama ni matunda ya mpango wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, na ndiyo sababu mitaa yake ina mpangilio ambao Manzese haina.

Mgeni wa nne ndiye anayenigusa zaidi, na vitabu vya watalii havimtaji kabisa. Ni yule aliyemleta mgonjwa Muhimbili. Huyu hakuja kutembea, lakini naye ni msafiri. Apate chumba Upanga ikiwezekana, au Kariakoo na Ilala ambako bei ni nafuu na hospitali si mbali. Upanga ni mtaa wa kivuli na utulivu. Familia nyingi za Kihindi ziliishi huko, na majumba mengi yalitaifishwa mwaka 1971 yakakodishwa kwa watu wa kila aina. Wako waliopata makazi kwa sheria ile, na wako waliopoteza jasho la maisha yao wakahama nchi. Mwenye haki hatausahau upande wowote.

Mgeni wa tano anataka kupumzika. Aende Oyster Bay na Masaki, au avuke kwenda Kigamboni kwa pantoni au kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Oyster Bay ilikuwa makazi ya maofisa wa Kizungu; leo siku ya Jumapili ufuko wa Coco hujaa familia kutoka kila pembe ya jiji, wakila mihogo ya kukaanga. Baba yangu angeiona Jumapili moja tu ya namna hiyo, angefurahi.

Lakini tusijipongeze upesi. Maneno Uzunguni na Uswahilini hayajafa. Vijana wameongeza jingine, ushuani. Kilichokuwa kikipimwa kwa rangi sasa kinapimwa kwa mfuko. Hata sisi tunapomwelekeza mgeni kwa kumtazama viatu vyake, tunaichora upya ramani ile ile ya kanda tatu. Na wakati huohuo alama za historia zinatoweka. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele, zinavunjwa kupisha maghorofa. Mji lazima ukue, sikatai. Ila tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Haraka ya kujenga nayo ina gharama zake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ushauri wangu una sehemu mbili. Mgeni alale mahali panapofaa shughuli yake: mwenye mgonjwa karibu na hospitali, mchuuzi karibu na soko, msomi karibu na maktaba. Hilo ni busara ya kawaida. Lakini asikubali mtaa aliolala uwe ndio mji wote aliouona. Basi la mwendokasi linalotoka Kivukoni hupita Magomeni na Manzese hadi Kimara kwa nauli ambayo wengi wanaimudu. Apande. Ashuke Magomeni, aketi barazani akikaribishwa, anywe kahawa, asikilize. Waliopanga mji ule walitaka kila mtu ajue mwisho wake uko wapi. Mgeni anayeuvuka Mnazi Mmoja kwa miguu yake, akaenda na kurudi bila kuulizwa na mtu, anautumia uhuru ambao wengine waliulipia.