Sifa ya Jahazi

Nilikuwa mtoto, Lamu, nilipomsikia babu akimwambia fundi, "Chombo hiki hakirudi majini bila ya sifa." Nikadhani ataka kitungiwe shairi. Kumbe sifa aliyoitaja ni mafuta ya ini la papa, ambayo mabaharia hupaka mbao zisipasuke kwa jua na chumvi.

Tangu hapo naamini kuwa historia ya vyombo vyetu imo katika maneno ya matengenezo. Mtepe wa kale haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kuutengeneza ni kuushona upya. Jahazi la misumari likahitaji kalafati, neno lenye asili ya Kiarabu: pamba yenye mafuta hushindiliwa katika nafasi za mbao. Kisha chini hupakwa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao. Tanga nalo likawa la marekani, kitambaa kilichochukua jina la nchi kilikotoka.

Jahazi la babu bado laelea. Limebadilishwa mbao na mlingoti, likatiwa mashine. Kijana alitengenezaye sasa hutumia rangi ya dukani. Nilipomtajia sifa, alidhani namsifu. Simlaumu, kwani kazi yake ni safi. Ila nawaomba washairi: maneno haya tuyatumie tungali na wazee wa kutusahihisha.