Lushoto: kutoka maficho ya baridi hadi soko la mboga

Karibu kila kinachotoka au kuingia Lushoto hupita Mombo. Pale, kwenye joto la tambarare yenye mashamba ya mkonge, barabara huiacha njia kuu iendayo Moshi na kuanza kuikwea milima ya Usambara Magharibi. Kwa kilomita 33 hivi hujikunja ukingoni mwa bonde, hupita Soni penye maporomoko ya maji, kisha huingia mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Abiria aliyepanda gari akitokwa na jasho hushuka akitafuta sweta.

Baridi hiyo ina asili yake. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye miamba mikongwe, na imesimama mbele ya pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Unyevu unapoigonga milima hupanda, hupoa na kunyesha, wakati nyika iliyo chini yake inabaki kavu. Ndiyo maana Wasambaa walikuwa wakilima migomba kwenye miteremko hii zamani sana, kabla mtu yeyote hajafikiria kujenga mji wa Lushoto.

Na nchi yao ilikuwa na mji wake mkuu. Uliitwa Vuga, na ulikuwa makao ya Wakilindi, ukoo wa watawala unaojitaja kuwa uzao wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu. Simulizi zinasema aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mfalme, aliyeitwa Simba Mwene, alitazamiwa kuleta mvua na shibe. Njaa ilipoingia, lawama zilimfikia yeye.

Mkubwa wa wafalme hao, Kimweri ye Nyumbai, alifariki mwaka 1862, na baada yake wanawe na wajukuu wakapigana. Mwanawe Semboja hakuketi Vuga. Alijenga Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara, alikopata bunduki na bidhaa za pwani. Wajerumani walipofika walikuta ufalme uliokwisha kupasuka. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo wakoloni wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vuga.

Kituo chao cha utawala hawakukiweka Vuga. Walikichagua Lushoto, wakauita mji Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, wakajenga nyumba ambamo Mzungu angeweza kupumzika mbali na joto na homa za Tanga. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na safari ya kupanda milimani ikawa nyepesi kwao. Kule Shume walivuna mierezi na kuishusha nyikani kwa waya wa angani. Lakini mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza liliuteka mji, na jina la Kaisari likafutika.

Waingereza nao walikuja na fundisho lao. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha wakaueneza sehemu nyingine za milima. Mkulima alilazimishwa kujenga matuta shambani mwake, na asiyetii aliadhibiwa. Udongo kweli ulikuwa ukisombwa na mvua. Hata hivyo kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa ikiwaangukia wanawake, na amri ilitoka kwa watu ambao hawakulima miteremko hiyo. Watu walikataa. Upinzani huo uliwaleta wengi karibu na TANU, chama kilichodai uhuru, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Naona huu ndio mlango muhimu kuliko yote katika historia ya Lushoto, ingawa nyumba za Kijerumani ndizo zinazopigwa picha. Nchi haiokolewi kwa kumlazimisha mwenye nayo.

Mradi wa miaka ya 1980 wa kuhifadhi udongo, uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi, ulitumia njia nyingine: nyasi za malisho, miti na makingamaji yaliyofuata kontua, mambo yaliyomletea mkulima faida aliyoweza kuiona. Siku hizi kabichi, karoti, hoho, nyanya, peasi na plamu hupakiwa kwenye matenga na kuteremshwa usiku kwa malori hadi Dar es Salaam. Mji una Chuo cha Uongozi wa Mahakama na wageni wanaopanda kuiona nyika kutoka Irente, lakini anayeutunza ni mkulima. Bei hupanda na kushuka bila yeye kuulizwa, na masika yakizidi udongo huporomokea barabarani, mboga zikaoza zikisubiri njia.

Mashamba hayo yanahitaji maji, na maji yanatoka misitu iliyobaki, kama ule wa Magamba juu ya mji. Kila kipande cha msitu kinachogeuzwa shamba la viazi hupunguza vijito vinavyoushibisha mto wa Soni. Mto huo ukishamaliza kazi yake mlimani, ndio unaomwagilia mashamba ya mpunga ya Mombo.