Kazi ya Ndoo na Dekio

Wapo wanaodhani kuwa kusafisha nyumba za watu kwa malipo ni jambo jipya lililoletwa na vijana wa mjini. La hasha. Hapa kwetu Mbeya kazi hiyo ina umri sawa na mji wenyewe. Waingereza waliuanzisha mji huu mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa ilipovuta watu katika miaka ya thelathini, nyumba za Uzunguni zilihitaji watu wa kuzifagia, kuzipiga deki na kuchemsha maji ya kuoga. Watu hao walikuwa wanaume wazima, wenye wake na watoto, na bado waliitwa "boi". Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa miongoni mwao. Sakafu ya saruji nyekundu aliipaka nta, akapiga magoti na kuisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka ing'ae. Aliniambia kuwa kilichomuuma si magoti bali lile jina. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameshaoa, naye baba mtu bado anaitwa mtoto.

Katika vipindi vya historia tulieleza habari za makuli wa bandarini na wakata mkonge, lakini hawa wa majumbani tuliwapita haraka. Hata hivyo walikuwa na chama. Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini waligoma jijini Dar es Salaam, wakati Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Hebu fikiri, msomaji. Kuli akigoma hurudi kwake kulala. Mtumishi anayelala kibandani nyuma ya nyumba ya bwana wake akigoma, hupoteza kazi na malazi siku moja. Mimi nauhesabu ujasiri huo kuwa mkubwa kuliko tulivyowafundisha watoto. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, ikaundwa NUTA.

Baada ya Uhuru neno "boi" lilififia polepole, akaja "msichana wa kazi". Hapo Nyanda za Juu Kusini tukapata sifa ambayo sijawahi kuifurahia: kwamba wasichana wa Iringa, Mufindi na Njombe ni wavumilivu. Familia za mijini ziliwatafuta kwa sifa hiyo. Nami nilimtafuta wangu.

Ilikuwa mwaka 1982. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba kule Mufindi, mke wangu amejifungua mtoto wa tatu, na mshahara wa mwalimu hautoshi kumlipa mtu. Nikamwahidi baba yake kwamba nitamlisha, nitamvika, na baada ya miaka mitatu nitampeleka kujifunza ushonaji na kumnunulia cherehani. Tulikubaliana kwa mdomo, tukanywa chai.

Wasiokuwapo hawajui miaka ile ilivyokuwa. Sabuni ilikuwa mali adimu. Tulipanga foleni dukani kwa kipande kimoja, na siku nyingine tulifika mlangoni kikiwa kimekwisha. Mwaka 1983 walanguzi walisakwa, na watu wengine wakatupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Binti yule alisugua masufuria kwa majivu na mchanga, akafua nepi kwa povu la majani ya mpapai, katika maji ya Julai yanayokata vidole. Nyumba yangu ilisifiwa kwa usafi. Wageni walimpongeza mke wangu.

Aliondoka mwaka 1986. Alikuwa ametimiza minne, si mitatu. Nilimpa nauli na doti moja ya kitenge. Cherehani nilisema itafuata. Haikufuata. Sikuwa mwongo nilipoahidi, lakini kila mwezi palikuwa na jambo lililotangulia, na mtu asiyedai husahaulika upesi.

Miaka ikapita. Nilishastaafu, ninaishi hapa Iyunga, nilipokutana na mama mmoja karibu na stesheni ya TAZARA, amebeba ndoo mbili zilizopachikana, dekio begani. Akasimama. "Shikamoo, Mwalimu." Sauti ndiyo niliyoitambua. Alikuwa mjane, amefika huku na marehemu mumewe aliyekuwa kibarua.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Serikali ilikuwa imeanza kutoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, naye alikwisha kununua chake na kukivaa shingoni. Alikopa kwenye VICOBA shilingi 60,000. Zilizobaki baada ya kitambulisho zilinunua ndoo mbili, dekio, fagio la ndani na la nje, brashi ya choo, glavu na sabuni ya maji. Hakuwa na duka wala kibao. Alianza na nyumba zilizohamwa, kwa kuwa aliyehama hataki kurudi na anayehamia hataki kuingilia uchafu wa mwenzake, hivyo mwenye nyumba hulipa bila kubishana sana. Baadaye zikaja nyumba za wageni na zile za kando ya barabara kuu, ambako malori yaendayo Tunduma hujaza vumbi madirishani kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe. Hakutaja bei kabla ya kuiona nyumba. Alihesabu vyumba, akatazama choo, akauliza maji yanapatikana umbali gani. "Maji, Mwalimu, ndiyo yanayokula faida." Nilifundisha hesabu miaka mingi, wala hilo silikumbuki kwenye kitabu chochote.

Nilimwomba asafishe kwangu. Alipomaliza nikampa mara mbili ya bei aliyotaja. Alihesabu, akanirudishia ya ziada. Nikataja cherehani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano." Hakucheka. Sikuongeza neno.

Wiki chache baadaye alirudi na daftari. Kazi ilikuwa imekua, amepata wanawake wawili wa kumsaidia, akataka nimwandikie mapatano yao kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nilianza kama tulivyozoea kuandika barua: kwamba mwenye kazi atawasaidia wenzake kadiri ya uwezo wake. Akaweka kidole juu ya mstari.

"Futa hapo, Mwalimu. Usiandike 'atawasaidia'. Andika shilingi ngapi, na andika Jumamosi."

Nikafuta, nikaandika shilingi ngapi, nikaandika Jumamosi. Akausoma polepole, akaniuliza mbona sijaweka tarehe.